Sura ya Tano: Kilichomo Tumboni

Masika yakiisha, maji ya mafuriko hurudi mitoni na kuacha madimbwi yametapakaa kwenye mbuga ya Mkata. Mengi hayana kina. Ifikapo Agosti yamebaki matope yaliyopasuka. Machache yana kina cha kumzamisha mtu mzima, na humo ndimo kambale na perege hufungiwa mpaka mvua nyingine. Sisi watoto wa kijiji cha Mabwerebwere tuliyafahamu hayo machache kwa majina tuliyoyapa wenyewe. Tulitembea asubuhi nzima kuyafikia, kila mtu na ufito wake wa mwanzi begani, mshipi wa nailoni, ndoano ya dukani, risasi ya kuuzamisha mshipi na boya la kipande cha ndala iliyokatika.

Mwaka nilioanza kuvua nilikuwa na miaka tisa, na kwa wiki nyingi sikupata kitu. Chambo changu kilikuwa kizuri, nyungunyungu wanono waliochimbwa chini ya migomba, na wenzangu waliokaa hatua chache kutoka kwangu walikuwa wakivuta samaki. Maelezo yao yalikuwa tayari: kuna mtu ameuruka ufito wangu. Ufito ukirukwa unaingiwa na nuksi, na nuksi haitoki mpaka aliyeruka arudi aruke tena kwa kinyume. Nikamtafuta aliyeruka. Nikagombana na watoto wa jirani. Nikakata mwanzi mwingine ambao haujarukwa na mtu, nikaenda nao, nikarudi mikono mitupu.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni bibi, ambaye sikuwahi kumwona ameshika ndoano. Ilikuwa Novemba, mvua ya kwanza imeanguka usiku, na binamu yangu alirudi na kambale wawili. Bibi aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akawasugua kwa majivu kuondoa utelezi, akawatumbua. Matumbo akayaweka juu ya jani la mgomba. Kabla ya kuwatupia kuku, akalipasua tumbo la mmoja kwa ncha ya kisu, akainama kutazama.

"Mume wangu, njoo uone."

Ndani mlikuwa na kitu cheusi kilichosongamana kama ugali wa mtama. Akakipekua kwa kidole. Vichwa, vipande vya miili, na mbawa. Mbawa nyingi, nyembamba, zenye kung'aa.

"Kumbikumbi," akasema. "Wewe unampa nini?"

"Nyungunyungu, bibi."

"Unamwekea wapi?"

"Chini, kwenye tope."

Akafuta kisu kwenye jani. "Mwenzio yuko darini, wewe umemtandikia uvunguni."

Kesho yake niling'oa risasi kwenye mshipi, nikalitoa na boya, nikamchoma kumbikumbi mmoja pamoja na mbawa zake na kuuacha mshipi uelee. Sikumaliza kuhesabu kumi. Perege aliyetoka alikuwa wa ukubwa wa kiganja changu cha wakati ule, na nadhani sijawahi kumshika samaki mkubwa kuliko yule.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani, na kila mara linalonishangaza ni wiki zile za mwanzo. Sikuwa mvivu. Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena, na bado sikujifunza chochote, kwa sababu kila kosa nililikabidhi kwa nuksi. Nuksi haikuambii utege wapi. Inakutuma ukagombane na watoto wa jirani. Bibi aliligeuza swali: akaacha kuniuliza mimi nina nini, akamuuliza samaki alikuwa anafanya nini. Sura hii yote ni kuhusu kugeuza huko, na kuhusu mahali ambapo hakutoshi.

Kumbikumbi ukimshika, mbawa zinabaki vidoleni. Hilo linajulikana na kila mtoto aliyewahi kuwakusanya kwenye taa. Miaka mingi baadaye nilikuta kwamba usumbufu wa aina hiyo hiyo ndio uliowafanya watu wa kale waunde nzi wa manyoya. Claudius Aelianus, mwandishi wa Roma aliyeishi kati ya karne ya pili na ya tatu, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwenye mto Astraeus. Samaki wa mto huo walimpenda mdudu mmoja anayeruka juu ya maji, lakini mdudu huyo akiguswa na mkono wa mtu alipoteza rangi yake na mbawa zake zikanyauka. Basi wavuvi walizungushia ndoano sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo, wakamdanganya samaki kwa umbo na rangi. Uvuvi wa nzi, ambao leo unaonekana kuwa mchezo wa wageni wenye kofia na mabuti marefu, ulianza na watu waliokuwa wameangalia kwa makini mdudu gani anatua wapi.

Mimi niliufikia kwa njia ndefu. Nilipokuwa nikifanya kazi Morogoro nilifahamiana na bwana mmoja kutoka Norwei, mtu wa misitu, aliyesema Kiswahili cha polepole na sahihi. Alikua akivua chari kwenye maziwa ya milimani kwao. Chari ni ndugu wa trauti na salmoni, na hakuna samaki wa maji baridi anayeishi kaskazini zaidi duniani kuliko yeye. Trauti ana madoa meusi juu ya mwili mweupe. Chari ni kinyume, madoa yake ni meupe juu ya mwili wenye giza, na wakati wa kuzaa tumbo lake huwaka wekundu kama ndimi za moto. Hapa kwetu hayupo. Ndugu yake wa karibu zaidi tunayeweza kumfikia ni trauti, naye hakufika mwenyewe: mayai ya trauti kutoka Scotland yalipandwa kwenye mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Baadaye akaja trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito inayomwaga maji Pasifiki, na trauti wakaenezwa pia kwenye maji ya baridi ya nyanda za juu za Tanganyika. Mkata angekufa siku hiyo hiyo. Maji yakipita nyuzi 20 anaanza kutaabika, na ya nyuzi 25 yanaweza kumuua. Lakini Mufindi anaishi, kwenye mabwawa yaliyozungukwa na chai na miwati.

Basi Julai moja alinichukua kunifundisha uvuvi wa nzi, tukapita Mikumi alfajiri, twiga wakiwa bado wamesimama kwenye ukungu wa hifadhini kandokando ya lami, tukapanda Kitonga, tukapita Iringa, na Mafinga tukakata kushoto. Usiku wa Mufindi mwezi Julai ni baridi ya kweli. Asubuhi bwawa lilikuwa linafuka mvuke kama chungu, na mimi nilikuwa nimevaa kila nguo niliyokuja nayo.

Jambo la kwanza la kufahamu kuhusu uvuvi huu ni kwamba chambo hakina uzito. Mvuvi wa kwetu anarusha risasi, na risasi inauvuta mshipi. Mvuvi wa nzi anarusha mshipi wenyewe, ambao umefanywa mnene na mzito kwa makusudi, na mbele yake umeunganishwa uzi mwembamba usioonekana majini, na mwisho wa uzi kuna nzi mwepesi kama kapi la mpunga. Kwa ufito unaurudisha mshipi nyuma ya mgongo wako, unangoja ujinyooshe wote hewani, ndipo unausukuma mbele. Kungoja huko ndiko kila mtu anakokosea. Nilikuwa nausukuma kabla haujanyooka, kwa nguvu zangu zote, na ulikuwa unaanguka mbele yangu kama uzi wa kufuma uliotoka kwenye kapu. Nilipojitahidi zaidi ulianguka karibu zaidi. Nzi watatu wakabaki juu ya mwati. Mwalimu wangu hakunikemea. Alinigeuza kichwa tu, akaniambia nitazame nyuma, nione mshipi unavyonyooka, nisirushe mpaka nimeuona. Kufikia saa nne nilikuwa narusha mbali kiasi cha kuridhisha, nikafurahi, na furaha hiyo ikanipeleka kwenye kosa lililokuwa kubwa zaidi.

Niliingia ukingoni hadi magotini na kurusha kuelekea katikati ya bwawa. Nilisimama wima. Nilisimama hapo saa nzima. Nilipogeuka kutoka, kivuli changu kikapita kando ya magugu, na trauti wawili wakachomoka kutoka hatua mbili tu nyuma ya miguu yangu, wakaacha maji yamechafuka.

Hili lilinichoma kuliko mengine, kwa sababu nilikuwa nalijua. Mtoto yeyote wa Mabwerebwere anajua kwamba dimbwi linakaribiwa kwa kuchuchumaa, jua likiwa usoni, na anayemwangushia samaki kivuli anafukuzwa na wenzake. Fizikia yake ni hii: mwanga ukiingia majini hupinda, kwa hiyo samaki akitazama juu anaiona nchi kavu yote imebanwa ndani ya duara moja lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo tu, kinamrudishia picha ya matope ya chini. Mtu aliyesimama wima anajitokeza pembezoni mwa duara. Akichuchumaa, anabanwa na kuwa mstari mwembamba usiosema kitu. Tulikuwa hatuijui hesabu hiyo, lakini tulikuwa tunachuchumaa. Iweje mtu mzima, mwenye elimu, asimame kama mlingoti? Nadhani ni vifaa. Nilipopewa ufito wa kigeni, rili na nzi wenye majina, niliona kwamba hapa ni shule mpya, na yote niliyoyajua nikayaacha nje ya mlango kama viatu. Hakuna aliyeniambia niyaache.

Siku ya pili nilichuchumaa. Nilirusha karibu, sambamba na ukingo. Samaki walikuwepo: juu ya maji palitokea miviringo midogo, mmoja huku, mwingine kule, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anatupa punje za mchele. Walikuwa wanakula, na walikuwa wanakula juu, na mimi nilikuwa na kumbukumbu ya kumbikumbi. Nikaweka nzi anayeelea. Hakuna. Nikabadilisha. Hakuna. Hadi adhuhuri nilikuwa nimefunga na kufungua nzi kumi na mmoja, wakubwa kwa wadogo, wekundu, weusi, wa rangi ya majani makavu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikajisikia kabisa, kabisa, yule mtoto wa miaka tisa. Kama kungekuwa na mtu wa kuuruka ufito wangu ningemtafuta.

Mwalimu wangu alimtoa mmoja upande wa pili wa bwawa na kuniita. Alimpiga mara moja kichwani kwa kirungu kifupi, akamtumbua palepale juu ya jiwe, akakamulia kilichokuwa tumboni kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo. Nilikuwa sijamsimulia habari za bibi. Niliitazama sahani, na jani la mgomba likanijia mbele ya macho.

Vijidudu mamia, vyembamba, vilivyojikunja, vyeusi vyenye wekundu kwa mbali, havifiki hata nusu ya punje ya mchele. Vilikuwa vya usubi. Usubi huishi utotoni kwenye matope ya chini ya bwawa. Wakati ukifika huelea taratibu kwenda juu, huning'inia kidogo chini ya ngozi ya maji, ndipo hupasua ganda na kuruka. Trauti walikuwa wanavikamata pale vinaponing'inia, kimo cha kidole kimoja chini ya uso. Mgongo wa samaki ndio uliokuwa unavunja maji. Kwa mara ya pili maishani nilikuwa nimemtegea mwenzangu mahali asipokuwepo, isipokuwa safari hii yeye yuko uvunguni mwa dari, nami niko juu ya bati.

Kuna Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye kosa hili hili. G. E. M. Skues, aliyezaliwa 1858, alikuwa mwanasheria wa London aliyevua trauti kwenye mto Itchen. Wakati wake wakubwa wa uvuvi, wakifuata mafundisho ya Frederic Halford, waliamini kwamba kwenye mito kama huo mtu mwenye heshima anavua kwa nzi anayeelea tu. Skues alikuwa anachukua kijiko chembamba, cha aina wanayotumia kuchokolea uboho kwenye mifupa, anakiingiza kooni mwa samaki aliyekwisha kufa, na kumwaga alichokitoa kwenye kisahani cheupe chenye maji. Mara kwa mara alikuta wadudu ambao hawajapasua ganda, waliokamatwa chini ya uso, wakati mvuvi aliyekuwa ukingoni angeapa kwamba samaki wanakula juu. Aliitetea njia ya kuvua chini ya uso kwenye kitabu chake cha 1910, na ubishi ukaendelea kiasi kwamba mwaka 1938, yeye akikaribia miaka 80, klabu ya wavuvi wa nzi ya London ilifanya mjadala kuhusu njia yake. Ningependa angekaa siku moja na bibi yangu. Wangeelewana bila mkalimani.

Na chari ndiye anayetoa ushahidi mzito kuliko wote. Katika ziwa Thingvallavatn huko Iceland, watafiti wameeleza aina nne za chari wanaoishi kwenye maji hayo hayo. Wote ni wa spishi moja. Wawili wanakula chini, wakiokota konokono na wadudu kwenye mawe, mmoja mkubwa na mwingine mdogo mwenye giza. Wa tatu anakula vijidudu vinavyoelea kwenye maji mapana. Wa nne anakula samaki wenzake. Wanatofautiana umbo la taya, ukubwa na rangi, kiasi kwamba mtu asiyejua atadhani ni samaki wanne mbalimbali. Ukienda kwenye ziwa kama hilo na kusema "chari wa hapa hawali," hujasema kitu. Chari yupi? Mto humletea samaki chakula mdomoni. Ziwani hakuna mkondo, kila samaki hukifuata chakula chake kwa kina chake, na mvuvi anayebadilisha nzi bila kubadilisha kina anabadilisha kanga tu, mtu ni yule yule.

Mchana ule nilifunga nzi mdogo kuliko wote kwenye kisanduku, nikaupaka mafuta uzi sehemu kubwa ili uelee na kubakiza inchi chache za mwisho zizame. Nikarusha, na nikafanya jambo gumu zaidi: sikuvuta. Usubi hauogelei mbio. Nilikaa nimechuchumaa, nikiutazama uzi. Uzi ukasogea kidogo kama umesukumwa na pumzi. Nikangoja, kama nilivyofundishwa. Nikahesabu tatu, nikanyanyua ufito, na hapakuwa na kitu.

Ilitokea mara nne. Mara ya nne nilimweleza mwalimu wangu kwamba samaki anakuja lakini hashiki, akaniuliza ninasubiri nini. Nikamwambia ukweli: kwa kambale unasubiri. Kambale anachezea chambo, anakizungusha mdomoni, na ukivuta mapema unamnyang'anya. Unamwachia azame nacho ndipo unavuta. Hilo lilinigharimu machozi kulijua, utotoni, na nilipolijua nililishika kama hirizi. Sasa lilikuwa linaninyima trauti, kwa sababu trauti akihisi kwamba alichotia mdomoni si chakula hukitema kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Kosa langu Mufindi lilikuwa somo langu la Mabwerebwere.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Tunasimuliana kwamba mtu akikosea anajifunza, kana kwamba alichojifunza kinafaa kila aendako. Kuchuchumaa kulifaa huku na kule. Kungoja kulifaa huku tu. Kutoka nje, yote mawili yalionekana ni hekima ya nyumbani, na sikuwa na namna ya kuyatofautisha ila kuyapeleka majini tena. Trauti wa kwanza niliyemtoa, jioni, alikuwa wa kama nusu kilo. Tumbo lake lilijaa usubi.

Lipo kosa moja ambalo sijalisimulia, na nimeliweka huku mwisho kwa sababu si la kwenye mchezo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa Septemba, dimbwi letu kubwa limepungua hadi likawa la kuvuka kwa miguu, na tulijua samaki wamejaa humo na ndoano ni kazi ya mtu mmoja mmoja. Mmoja wetu akaja na wazo la utupa. Kila mtu kijijini alikuwa anaujua mmea huo. Tukavuna majani, tukayatwanga juu ya mawe, tukayatia kwenye gunia na kulikokota majini huku na huko. Sumu ya utupa huuzuia mwili wa samaki usiitumie hewa aliyoivuta. Baada ya muda perege wakaanza kuja juu, midomo wazi, wakilala ubavu. Tuliwaokota kwa mikono. Tulijaza matenga mawili na tukaimba njia nzima.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Alimtumbua wa kwanza, na tumbo lilikuwa tupu kabisa. Wa pili, tupu. Akamgeuza wa tatu, akambana mashavu, na mdomo ulipofunguka vikamwagika kwenye sahani vitoto vyake, vidogo kama sindano, kila kimoja na macho mawili meusi. Perege jike wa kwetu hutunza mayai na watoto mdomoni, na muda wote huo hali karibu kitu chochote. Wengi tuliowaokota walikuwa wameshatapika watoto wao kule dimbwini, kwenye sumu. Huyu alikuwa amefumba.

Bibi alifungua midomo ya wote waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Hakusema neno. Alipomaliza alinitazama, na hakuniita mume wangu.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, kama inavyokataza baruti, na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ninakumbuka zaidi masika mawili yaliyofuata. Maji yalirudi, kambale wakarudi nayo, maana kambale anavuta hewa ya juu na anaweza kujikokota kwenye nyasi mbichi kutoka dimbwi hadi dimbwi. Perege hatukuwaona pale miaka miwili. Kwa kosa hili palikuwa hapana cha kurekebisha, wala kina cha kubadilisha. Palikuwa na kungoja tu, na hata kungoja hakukuwa kazi yetu.

Mwaka jana, Desemba, nilimpeleka mpwa wangu, binti wa dada yangu, kwenye madimbwi yale yale. Ana miaka tisa. Nilikuwa na ufito wa Mufindi, ambao mwalimu wangu aliniachia alipoondoka nchini, na nzi niliyemfunga mwenyewe: manyoya mawili ya jogoo na kipande cha nailoni cha kung'aa, mfano wa kumbikumbi. Tulichuchumaa, jua likiwa usoni. Nilimfundisha kutazama nyuma kabla ya kurusha. Nzi alianguka kando ya ukingo, maji mafupi, akaelea, akaanza kuzama, na alipokuwa amezama kiasi cha mkono samaki akampiga kwa nguvu kiasi kwamba mtoto alipiga kelele.

Alikuwa dume la perege, jeusi, lenye wekundu kwenye ncha za mapezi. Perege huyu wa bonde letu la Wami amesafiri kuliko wengi wetu: alipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akapelekwa Malacca, ambako mtafiti C. F. Hickling alimchanganya na perege jike wa Msumbiji, akapata uzao wa madume watupu, jambo alilolichapisha mwaka 1960 na lililobadilisha ufugaji wa samaki duniani. Nililowesha mikono, nikamfungua mdomo kwanza. Mtupu. Basi tukamchukua.

Nyumbani mpwa wangu aliomba kisu yeye. Nikamwonyesha pa kupitisha. Alilitoa tumbo, akalipasua juu ya jani la mgomba, akainama kutazama hata nywele zake zikagusa jani.

"Mjomba, hamna kitu."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Hamna kumbikumbi, hamna majani, hamna kitu. Hakuwa na njaa." Akaninyanyulia uso. "Sasa mbona ameuma?"

Jua lilikuwa bado juu. Tulirudi dimbwini wawili, tukatambaa kwa magoti hadi ukingoni pale tulipomtoa, tukalala kifudifudi. Ilichukua muda macho kuzoea. Kisha akaniminya mkono. Chini, kwenye tope, palikuwa na shimo la mviringo, jepesi, limefagiwa safi kama sinia, na juu ya shimo hilo dume jingine dogo lilikuwa limeshafika na kuanza kuzunguka.